Paa Likishuka, Kazi ya Fundi Hujulikana

Bomba la jikoni lenye shingo ndefu iliyopinda lina raha yake. Sufuria kubwa huingia chini yake bila kugonga, maji hayamrukii mtu nguoni, na sinki la bei rahisi huonekana la hotelini. Mwenye trela la kukunja akilinunua, akalifunga mwenyewe Jumamosi asubuhi, akakaza nati, akafungulia maji asione hata tone likivuja, ana haki ya kujipongeza. Lakini asubiri jioni. Paa litakapoteremshwa ili trela lifungwe kwa safari, kitu cha kwanza kukutana nalo kitakuwa shingo ile ile. Hapo bomba litavunjika, au sinki litapasuka, au dari itatoboka, na mafanikio ya asubuhi yatageuka gharama.

Visa vya namna hiyo ni vingi. Kuna godoro jipya, nene na laini, ambalo kitanda kikisukumwa ndani hulizuia paa kufika kwenye makomeo yake. Kuna taa ya kuning'inia. Kuna rafu ya viungo iliyofungwa ukutani karibu na dirisha, mahali pasipo na kosa lolote mpaka siku ya kuondoka. Katika nyumba ya kawaida fundi hujiuliza kama alichofunga kimeshika. Kwenye trela la kukunja hilo ni swali la kwanza tu. La pili ni kama nyumba itafungika, na la tatu ni kama kitu hicho kitakuwa bado kimeshika baada ya kilomita mia tatu za kutikiswa.

Trela linalozungumzwa hapa si lile la lori linalotoa kontena bandarini. Ni kijumba cha magurudumu mawili kinachovutwa na gari la familia. Barabarani ni kisanduku kifupi ambacho dereva huona juu yake kupitia kioo cha nyuma. Kambini hufunguka kikawa chumba chenye vitanda viwili, meza, jiko na sinki. Aina iliyoenea zaidi Marekani huinuliwa paa kwa kuzungusha mpini, vitanda vikavutwa nje upande wa mbele na wa nyuma, na turubai likaziba nafasi iliyobaki. Nyingine haina turubai kabisa: mabapa mawili ya paa husimamishwa yakakutana juu na kufanya umbo la herufi A. Nyingine tena, ya TrailManor kutoka Tennessee, ina maganda mawili magumu, moja likilalia jingine wakati wa safari, na chuma chenye nguvu ya springi humsaidia mtu kuyanyanyua.

Wafaransa nao wana tawi lao. Mwaka 1961, katika mji wa Mayenne, seremala wa samani aitwaye Constant Rousseau alianzisha Rapido kwa kuunda karavani ya kuta ngumu zinazokunjwa. Kwamba mtu huyo alikuwa seremala wa samani si jambo la kushangaza. Ndani ya trela la namna hii karibu kila kitu ni samani yenye bawaba: meza huwa kitanda, kiti huwa sanduku, kabati la jiko hulala chini na kuinuka tena.

Huko Marekani kitovu cha kazi hii ni kaunti ya Elkhart, jimbo la Indiana, ambako sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu za nchi hiyo huundwa. Lloyd Bontrager, aliyebuni mfumo wa kunyanyua paa kwa mpini na kebo, alianzisha Jayco huko Middlebury mwaka 1968, shambani kwake, ndani ya mabanda mawili ya kuku na ghala moja. Miaka hiyo hiyo Coleman ya Kansas, kampuni ambayo jina lake lilijulikana kwa karabai, iliingia katika biashara ya matrela na kuyaunda Somerset, Pennsylvania. Mwaka 1989 kitengo hicho kilichukuliwa na Fleetwood, na Machi 2009 Fleetwood yenyewe ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi.

Hapo ndipo habari ya ukarabati inapoanzia. Matrela hayakufa na waundaji wake. Mengi bado yako barabarani, yameuzwa mkono wa pili, wa tatu, wa nne, kwa familia changa zisizo na gari kubwa wala fedha za kununua jipya. Kipuri kikikosekana dukani na fundi wa mjini akitaka malipo yanayokaribia bei ya trela zima, mwenye mali hana budi kushika bisibisi.

Atakachokigundua mapema ni wembamba wa kila kitu. Kuta za makabati mengi ni plaiwudi ya milimita tatu au zaidi kidogo, iliyobanwa kwa pini za stepla na gundi kwenye fito laini. Kiwandani hilo halikufanywa kwa hila. Trela lililokusudiwa kuvutwa na gari dogo lazima liwe jepesi, na mbao nene zingeua biashara. Lakini skrubu iliyotolewa na kurudishwa mara mbili kwenye plaiwudi hiyo haina tena cha kung'ata. Mtikisiko wa barabara hulipanua tundu lake, na bawaba ya mlango wa kabati huanza kucheza.

Wengi huikimbilia skrubu nene zaidi. Hiyo hununua miezi michache, kisha tundu linakuwa kubwa kuliko lilivyoanza. Dawa ya gharama ndogo ni kujaza tundu kwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, kuviacha vikauke usiku kucha, kuvikata sawasawa na uso wa ubao na kuanza upya na skrubu ya saizi ile ile. Pale penye mzigo, mfano bawaba za kabati la jiko linaloinuliwa na kulazwa kila safari, vijiti havitoshi. Fundi mwenye akili hubandika kibao cha ziada kwa nyuma, au huachana na skrubu kabisa na kupitisha bolti yenye washa pana na nati isiyojifungua.

Kuna skrubu nyingine ambazo hazionekani kamwe. Mtu anataka kung'oa benchi aone sakafu iliyo chini yake, anatoa skrubu zote anazoziona, na benchi halitikisiki. Halijarogwa. Katika matrela mengi samani hufungwa kwanza, kisha ngozi ya nje ya bati hubandikwa, kwa hiyo baadhi ya skrubu ziliingia kutokea nje na sasa zimefunikwa. Aliyekwishalijua hilo huingiza ubapa wa msumeno wa chuma katikati ya benchi na ukuta, akazikata. Asiyelijua huvunja benchi.

Kwenye matrela ya kuta ngumu hali ni tofauti kidogo. Ukuta wenyewe mara nyingi ni bamba jembamba la alumini nje na ndani, katikati povu gumu. Skrubu ndani ya povu haishiki zaidi ya inavyoshika ndani ya sponji. Kulabu ya koti au kishikio cha taulo hukaa vizuri zaidi kwa utepe wa gundi wa pande mbili, ule wa daraja la viwandani, mradi uso umefutwa kwa spiriti kwanza na eneo la gundi ni pana.

Yote hayo ni madogo mbele ya maji. Uozo ndio ugonjwa mkubwa wa nyumba hizi, na hujificha pale pale mtu asipotazama: pembe za sakafu chini ya viti, kizingiti cha mlango, kuzunguka tundu la hewa juu ya dari. Doa la kahawia kwenye dari ni taarifa iliyochelewa. Anayekagua trela la mkono wa pili hubeba uma au bisibisi nyembamba na kudunga kila pembe. Ubao mzima hukataa, ubao uliooza huipokea bila kelele. Pua nayo inafanya kazi. Trela lililofungwa majira yote ya baridi likifunguliwa na kutoa harufu ya ukungu, muuzaji asimwambie mtu kuwa ni harufu ya kawaida.

Kosa linalorudiwa ni kuufunika uozo. Wako wanaoweka vinili mpya ya sakafu, yenye picha ya mbao za msonobari, juu ya plaiwudi inayobonyea, kisha wakapiga picha za kuvutia na kuliuza trela kama lililokarabatiwa. Mpangilio wa kazi hauna njia ya mkato: kwanza ziba maji yanapoingilia, pili acha mbao zikauke hata kama ni wiki kadhaa, ndipo ukate kilichooza na kuweka kipya. Katika kuziba, silikoni ya kawaida ya bafuni ina sifa mbaya miongoni mwa mafundi wa matrela. Inashika mwanzoni, lakini ikishaachia, mabaki yake huukataa mjazo mwingine wowote, hata silikoni yenyewe, na mtu hubaki akikwangua kwa siku. Chini ya fremu za alumini mafundi hutumia utepe wa butili, ambao haukauki ukawa mgumu; juu ya paa hutumia mjazo unaojisambaza wenyewe.

Plaiwudi mpya nayo si ya kuokotwa tu. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwahifadhi maelfu ya watu kwenye matrela, na wengi wakaanza kulalamika macho kuwasha na kukohoa. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilipima hewa ndani ya matrela na nyumba za kuhamishika 519 kati ya Desemba 2007 na Januari 2008, kikakuta wastani wa sehemu 77 za formaldehaidi katika kila sehemu bilioni za hewa, kiwango kinachozidi cha nyumba za kawaida. Gesi hiyo hutoka kwenye gundi ya mbao za kubandikwa, na kisanduku kidogo kisichopitisha hewa huikusanya. Sheria ya kuweka ukomo ilitiwa saini mwaka 2010, na leo mbao za namna hiyo zinazouzwa Marekani hubandikwa lebo ya kuonyesha zimetimiza kiwango. Anayefunga ubao mpya kwenye chumba cha watoto kulala, chenye ukubwa wa kabati la nguo, aitafute lebo hiyo kabla ya kutazama bei.

Mgeni mwingine wa majira ya baridi ni panya. Hupenya kwenye tundu linalopitisha waya au bomba la gesi, hutafuna turubai, hujenga ndani ya hita na chini ya mito ya viti. Mwenye trela akikuta kinyesi chake, silika humtuma achukue ufagio. Asifanye hivyo. Majira ya joto ya 2012, katika hifadhi ya Yosemite huko California, wageni 10 waliambukizwa virusi vya hanta na watatu wakafa. Wengi wao walikuwa wamelala kwenye vibanda vya turubai vya Curry Village vilivyokuwa na kuta za safu mbili zilizojazwa povu la kuzuia baridi, na ndani ya povu hilo panya walikuwa wamefanya makazi. Vibanda 91 vya aina hiyo vilifungwa. Virusi hivyo hupanda hewani na vumbi la kinyesi na mkojo uliokauka, kwa hiyo ufagio ndio unaovifikisha puani mwa mtu. Ushauri wa CDC ni kufungua milango na madirisha kwa nusu saa mtu akiwa nje, kisha kuvaa glavu, kulowesha uchafu kwa jiki iliyochanganywa na maji, kusubiri dakika tano, na kuupangusa ukiwa bado mbichi. Baadaye matundu huzibwa kwa manyoya ya chuma yaliyosokotwa ndani ya mjazo, maana povu la kopo panya hulitafuna bila taabu.

Umeme una mtego wake. Trela la Kimarekani lina mifumo miwili: volti 120 kutoka kwenye soketi ya kambi, na volti 12 kutoka kwenye betri. Fundi wa magari anayeingia humo anajua kwamba waya mweusi ni hasi. Lakini kwenye matrela mengi ya huko waya wa volti 12 hufuata desturi ya nyumba: mweusi ndio chanya, mweupe ndio hasi. Taa ya zamani ya nyuzi haijali umegeuza wapi. Ya LED ikigeuzwa haiwaki, na mtu hurudi dukani kugombana kwa sababu isiyokuwepo. Pampu ya maji ikigeuzwa huzunguka kinyume.

Kubadilisha balbu ndio ukarabati unaolipa haraka kuliko wote, na hesabu yake ni nyepesi. Balbu ya kawaida ya matrela, namba 1141, hula karibu ampea moja na nusu. Taa nne zikiwaka saa nne za jioni humaliza zaidi ya ampea-saa 22, na betri ya risasi ya kawaida ya trela haipendi kushushwa chini ya nusu ya ampea-saa zake 80 hivi. LED za mwanga unaokaribia huo hula kama moja ya sita hadi moja ya nane. Tatizo la waya kukatika, hata hivyo, LED hailiondoi. Waya zinazopanda kutoka sakafuni kwenda darini hukunjwa kila paa linaposhuka, na baada ya miaka hukatika ndani ya ganda lake bila kuonyesha jeraha. Taa ikiwaka paa likiwa nusu na kuzimika paa likifika juu, msako uanzie kwenye kikunjo. Mtu akizibadilisha, atumie waya wa nyuzi nyingi nyembamba, si ule mnene wa nyumbani ambao hauvumilii kupindwa, na auache uwe mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Gesi haina nafasi ya kujifunzia. Anayeweza kupaka povu la sabuni kwenye viungio na kutazama mapovu afanye hivyo kila msimu, lakini kukata na kuunga bomba la shaba ni kazi ya mwenye cheti. Kengele ya kunusa gesi nayo hufungwa chini karibu na sakafu kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa, na wapambaji wengi huikuta inawaharibia mandhari. Huipaka rangi au kuijengea kabati mbele. Kihisi chake kina umri, kwa kawaida miaka mitano hadi saba, na tarehe imeandikwa kwenye kifaa chenyewe.

Rangi, kwa kweli, ndiyo inayowavutia wengi kuliko yote hayo, kwa kuwa inabadilisha sura kwa siku mbili. Kuta za ndani zina karatasi ya vinili yenye picha ya mbao, na rangi haiishiki mpaka isuguliwe kidogo kwa msasa na kupakwa rangi ya awali inayong'ang'ania nyuso laini. Kinachosahauliwa ni kwamba rangi ya maji ikiguswa na kuonekana kavu bado haijakomaa. Hilo huchukua wiki, pengine mwezi. Mtu akipaka kabati Alhamisi na kulikunja trela Ijumaa, nyuso mbili zilizopakwa hubanwa pamoja ndani ya kisanduku chenye joto, zikashikana. Zikifunguliwa kambini, rangi hutoka na mmoja wapo wa milango. Matrela ya kukunja hupakwa rangi yakiwa na nafasi ya kubaki wazi, vinginevyo karatasi yenye nta iwekwe katikati ya nyuso zinazogusana.

Kujua kama kitu kipya kitapita chini ya paa kunahitaji kipimo kwa kuwa jicho hudanganya. Mafundi wa injini hubandika kidonge cha udongo laini juu ya pistoni, huzungusha injini, kisha hupima unene uliobaki ili wajue valvu inapita umbali gani. Mbinu hiyo hiyo inafaa hapa. Kidonge cha udongo wa kuchezea watoto huwekwa juu ya sinki, juu ya kaunta, juu ya godoro lililosukumwa ndani. Paa hushushwa polepole mpaka makomeo yafunge, huinuliwa tena, na rula husema ukweli. Sentimita moja iliyobaki haitoshi, kwa sababu barabarani paa na godoro havitulii. Ndiyo maana godoro la asili la sentimita 8 au 10 lililochoka hubadilishwa kwa sponji yenye msongamano mkubwa zaidi na unene ule ule.

Paa lenyewe pia lina hesabu yake. Kila kilo inayoongezwa juu, iwe feni kubwa, paneli ya jua au spika za dari, hubebwa na kebo, winchi au springi zilizopimwa kwa uzito wa siku ya kutoka kiwandani. Mpini ukianza kuwa mzito mkononi, tatizo si kuzeeka kwa mzungushaji.

Halafu kuna klipu. Kwenye matrela mengi ya turubai nusu ya juu ya mlango husafiri ikiwa imelazwa darini, ikishikwa na vibano vya plastiki visivyozidi upana wa kiganja. Vikivunjika, mlango humdondokea kichwani anayenyanyua paa, na kwa chapa zilizokwisha kufungwa vibano hivyo havipatikani kwa urahisi. Miaka ya karibuni wenye mashine za kuchapa vitu kwa plastiki wameanza kujichapia wenyewe na kugawiana michoro. Mashine nyingi za nyumbani hupakiwa PLA, plastiki rahisi kuchapa lakini inayoanza kulegea ikikaribia nyuzi 60 za Selsiasi, joto ambalo dari ya trela lililofungwa juani inaweza kulikaribia. Klipu ya mlango ichapwe kwa ABS, inayostahimili hadi kama nyuzi 100, na ifungwe kwa skrubu mbili badala ya moja.